Jalada la Kufundisha Aliloniandikia Mke Wangu

Nyamizi amekufa. Ni mke wangu. Jumanne ya wiki juzi, saa tatu asubuhi. Presha. Alikuwa anaanika nguo, akaanguka. Mimi nilikuwa kazini. Nilipofika hospitali walishamfunika shuka.

Leo ni Jumapili, mwezi wa kumi. Joto la Tabora mnalijua. Mawingu yanakuja, yanazunguka, yanaondoka. Kanisani nimekwenda, nimekaa nyuma, nimetoka kabla ya tangazo la mwisho ili watu wasinipe pole tena. Pole nimezipokea za kutosha.

Matanga tuliondoa Jumamosi ya wiki ile ile. Shemeji zangu wamerudi Nzega. Nyumba nimebaki nayo mimi.

Huu ukurasa alinifungulia binti yetu Kalunde, yuko Dodoma. Alisema baba andika andika uzoee. Nimeandika mara nne tu. Zote habari za matofali. Leo naandika kitu kinachonikaa hapa kifuani, na siyo kifo peke yake. Kifo nakielewa. Mtu anakufa. Hiki kingine ndicho kinanitesa.

Mimi ni kibarua. Niliishia darasa la tano. Nimebeba zege Tabora yote hii, Mtendeni kule kuna nyumba nyingi zimepita mikononi mwangu, nikaja kuwa fundi mwashi. Chuo cha ufundi kilinikuta nawajengea karakana. Mwalimu wao wa uashi alikuwa anastaafu. Wakaniambia fundi, baki hapa ufundishe vitendo. Nikabaki. Mkataba wa mwaka mwaka. Mwaka wa sita sasa.

Basi mwaka jana ikaja amri mpya. Kila mwalimu awe na jalada la kufundisha. Ni faili. Ndani unaweka unavyofundisha: unaamini nini, unaandaaje somo, kazi za wanachuo, maoni ya wanachuo juu yako, na wewe mwenyewe unajionaje. Kamati inasoma, inakuhoji, inakupa alama. Ukishindwa, mkataba hakuna.

Mimi kuandika ni kazi ngumu kuliko kuchimba msingi kwenye mwamba.

Mara ya kwanza nilipeleka picha. Picha thelathini za majengo yangu. Nyumba, maghala ya tumbaku, kanisa moja. Nikajua nimemaliza. Madam wa taaluma, ndiye mkubwa wa mambo ya masomo pale chuoni, akapitia zote bila haraka. Akaniambia, "Mwalimu Maganga, hapa naona kuta zako. Wanafunzi wako wako wapi?"

Fundi ukimwomba ushahidi anakuonyesha ukuta. Nani ataonyesha kitu kingine?

Nikarudi nyumbani nimenuna. Nyamizi akasema kaa hapo, wewe sema, mimi naandika.

Nyamizi alikuwa karani wa chama cha msingi cha tumbaku ujanani. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama kozi ya matofali iliyopigwa kamba. Basi kila jioni nikinawa miguu yeye anakaa na daftari. Ananiuliza, nasema, anaandika. Mara nyingi tunagombana.

Siku moja aliniuliza nafundishaje kuweka kozi ya kwanza. Nikamwambia, naweka, wao wanaangalia.

Akaacha kuandika. "Hiyo siyo kufundisha. Hiyo ni kujionyesha."

Nilikasirika. Nikaenda kukaa nje. Lakini wiki ile ile nilibadilisha. Mwanachuo mmoja anaweka, wenzake wanatafuta kosa kwa timazi na pima maji, wanabishana, mimi nanyamaza. Ilifanya kazi. Nikarudi kumwambia. Akaandika. Alikuwa na tabasamu moja hivi la pembeni ambalo silitaki kulikumbuka sasa.

Maoni ya wanachuo yalipokuja, mmoja aliandika: anafoka sana, halafu ukiuliza swali anakwambia angalia mkono wangu. Nikaitoa ile karatasi. Nyamizi akairudisha. Nikaitoa tena. Akairudisha, akabana na pini.

Hivyo ndivyo jalada lilivyotoka. Maneno yake ni ya kusoma. "Naamini mwanafunzi hujifunza kwa mkono unaokosea na kurudia." Mimi sijawahi kusema maneno hayo. Nilisema hawa lazima waharibu mifuko ya saruji ndipo wajue. Yeye akayavalisha suti.

Chuoni niliulizwa nani kaniandikia. Nikasema mwenyewe.

Nilisema hivyo mara mbili.

Sasa siku ya mazishi. Pale chuoni kuna Bi Tatu, mwalimu wa ushonaji. Mzaramo. Na sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu wazee wetu walipokuwa wanabeba mizigo na pembe za ndovu kutoka huku mpaka pwani kwa miguu. Mnyamwezi akifa, mtani anakuja, anafanya anavyotaka. Ataingia kaburini akatae kutoka mpaka apewe kuku. Atavaa nguo za marehemu amwigize anavyotembea, anavyogomba. Wewe mfiwa unakaa kimya. Mtani hakasirikiwi. Ukikasirika aibu ni yako.

Bi Tatu ndiye mwenye kompyuta. Nyamizi alikuwa anapeleka kwake daftari, wanachapisha pamoja. Nilijua. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Watu wamejaa, tunasubiri jeneza. Bi Tatu akatoka ndani amejifunga kanga ya Nyamizi, amevaa miwani ya Nyamizi, daftari mkononi. Akavuta kiti mbele ya turubai. Akaita, na sauti ilikuwa yenyewe kabisa, mpaka nilinyanyua kichwa:

"Baba Kalunde, njoo tuandike. Hapa wanauliza unaamini nini. Unaamini nini, mume wangu?"

Akajijibu kwa sauti nzito, yangu. "Naamini saruji."

Watu wakacheka. Mama mkwe wangu, siku mbili hajaweka kitu mdomoni, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Saruji siyo imani. Lete hapa nikuandikie, wewe mbeba pembe, usije kuniaibisha kwenye kamati. Haya, nimemaliza. Ukiulizwa useme umeandika wewe, sawa? Na usisahau kunawa miguu."

Turubai lote linacheka. Madam wa taaluma alikuwa mstari wa pili, kitambaa kichwani, mikono mapajani. Yeye hakucheka. Alinitazama mara moja, akatazama chini.

Nikasema moyoni, huyu Bi Tatu leo anazika wawili.

Jioni, watani ndio wanaosha vyombo. Nilimfuata Bi Tatu nyuma ya nyumba anakwangua sufuria la ubwabwa. Nikamwambia, Bi Tatu, umenifukuzisha kazi.

Hakuinua macho. "Mtani wangu, mtu akitaka siri yake izikwe, asiwaite Wazaramo."

Akaendelea kukwangua. Halafu akasema, na hapo hakuwa anatania, "Kuna karatasi moja mkeo alikuwa anairuka kila tukichapisha. Nilimuuliza mama, hii vipi? Akasema hiyo ni ya mwenyewe."

Sikumuuliza karatasi gani. Nilijua.

Tulipoondoa matanga nilitoa jalada kabatini. Nikalisoma lote. Mimi nasoma polepole, kidole kinafuata. Siku mbili. Karibu na mwisho ipo karatasi nyeupe. Juu kuna maswali ya kamati tu. Somo lililoshindikana. Nini kilitokea? Wewe ulichangia nini? Umebadilisha nini?

Chini yake hamna kitu. Nyamizi kila kitu changu alikipamba, hata pale niliposema upuuzi. Hapo hakugusa. Pamoja na karatasi zote hizo angeweza kutunga somo moja dogo la uongo. Hakutunga.

Nasema sasa.

Miaka miwili nyuma nilikuwa na mwanachuo anaitwa Kabula. Msichana wa Kisukuma, mikono mirefu, mwandishi. Kila kitu anaandika kwenye kijitabu. Tulikuwa na kazi ya mtihani wa vitendo kule Isikizya, kujenga ukuta wa uzio. Kila mwanachuo na kipande chake. Kabula alikuwa anapima mota kwa ndoo. Saruji moja, mchanga sita. Ndoo moja, ndoo sita, anachora vistari. Anachelewa. Nikamfokea. Nikamwambia fundi hapimi kwa ndoo, fundi anapima kwa jicho. Alikuwa kafika ndoo ya nne ya mchanga; nikachukua koleo nikamalizia na kuchanganya mwenyewe, kwa jicho. Mchanga ulikuwa wa mtoni, umebeba maji, unadanganya. Niliuzidisha. Nilihisi kwenye koleo kwamba mota ni nyepesi. Nikasema itashika.

Haikushika. Siku ya kukagua msimamizi aligusa kipande cha Kabula kwa kidole, mota ikamwagika kama unga. Tofali tatu zikashuka zenyewe.

Wakaniuliza nani kachanganya. Wote walikuwa wanasikiliza.

Nikasema Kabula. Nikasema huyu hafuati maelekezo.

Alifelishwa. Angeweza kurudia mwaka, hakuwa na mtu wa kumlisha mwaka mwingine. Akaondoka. Yuko Nzega, anachanganya zege kwenye saiti za watu, kibarua, hana cheti.

Kabla hajaondoka alikuja nyumbani kwangu, analia. Nilikuwa bafuni. Nilisikia sauti yake, nikapitia uwani nikatoka na mlango wa nyuma, nikakaa kwa jirani mpaka akaondoka. Niliporudi nilikuta vikombe viwili vya chai kwenye meza. Nyamizi hakuniuliza kitu. Miaka miwili hakuniuliza. Akaja akaniachia karatasi nyeupe.

Jumanne hii Madam alipiga simu. Alinipa pole vizuri. Akasema kamati inakaa Alhamisi, nikitaka wanasogeza mbele kwa ajili ya msiba. Halafu akasema, "Lakini ukija, nataka jalada lako." Hilo neno "lako" alilikanyaga.

Shemeji yangu Mihayo, mdogo wake Nyamizi, alikuwa bado hapa. Nilimweleza habari ya jalada, siyo ya Kabula. Akacheka. Akasema, "Shemeji, unaogopa nini? Maneno ya mtani hayashikwi. Tangu lini utani ukawa ushahidi? Peleka hilo hilo, wakikuuliza sema mtani alikuwa anachekesha wafiwa."

Na ni kweli. Kwetu huwezi kumshitaki mtu kwa maneno ya mtani. Madam mwenyewe ni Mnyamwezi, analijua hilo. Njia ilikuwa wazi kabisa. Ile karatasi nyeupe ningeitoa, pini ningeifunga tena, nani angejua.

Niliitoa. Nisiseme uongo hapa. Niliitoa nikaiweka chini ya godoro, Jumanne mchana.

Halafu nikakaa. Nikafikiri, sasa mimi namdanganya nani. Aliyekuwa akijua amekufa. Nikiitupa hii, basi aliyebaki anajua ni mimi na Kabula. Mimi sitasema, na Kabula hajui kwamba nilihisi mota ni mbovu. Yeye mpaka leo labda anadhani alikosea ndoo. Anachanganya zege la watu huku anajiona mjinga.

Hapo ndipo niliposhindwa.

Niliirudisha. Nikachukua penseli. Siku mbili, mistari kumi na mmoja. Sikuvalisha suti. Niliandika: mota nilichanganya mimi. Nilihisi ni mbovu nikanyamaza. Kabula alikuwa anapima sawasawa. Nilimsingizia kwa sababu niliwaonea aibu wanafunzi wangu. Sasa tunapima kwa boksi la mbao, na mimi napima. Nilichobadilisha ni hicho tu. Kabula sijamtafuta.

Alhamisi nikaenda. Kamati watatu. Madam, mwalimu wa umeme, na mama mmoja mgeni kutoka chuo kingine. Niliweka jalada mezani nikasema kabla sijakaa. Hili kaandika marehemu mke wangu. Nilikuwa nasema, anaandika. Sehemu nyingine alisema yeye, mimi nikaenda kufanya. Nilipowaambia mwaka jana nimeandika mwenyewe nilisema uongo. Karatasi hii ya penseli ndiyo yangu.

Mwalimu wa umeme akataka kufunga pale pale. Akasema jalada ni la mwalimu, siyo la mke wa mwalimu. Yule mgeni akamwambia subiri. Akafungua pale kwenye kozi ya kwanza. Akaniuliza kama kweli nafanya hivi, mmoja anaweka, wengine wanatafuta kosa. Nikasema nafanya. Akauliza nani alinifundisha. Nikasema mke wangu alinigombeza. Akaandika kitu. Akasema majalada mengi anayosoma yameandikwa na wenyewe, ila darasani hakuna kilichobadilika. Mwalimu wa umeme hakulipenda hilo.

Madam alikuwa anasoma ya penseli. Alisoma mara mbili. Aliweka kiganja juu yake.

"Kabula yuko wapi?"

"Nzega. Saiti."

"Unaelewa ulichoandika? Hii siyo habari ya jalada tena."

"Naelewa, Madam."

"Anaweza kurudishiwa haki yake. Na wewe unaweza kuondoka. Vyote viwili vinaweza kutokea kwa karatasi hii moja."

Nikasema najua. Sikuwa najua. Nilijua nusu. Akaniambia inapanda kwa mkuu wa chuo. Alama hawajanipa. Mpaka watakapoamua niendelee kufundisha, na yeye atakuja kukaa nyuma ya darasa aone kwa macho yake. Akaongeza kwamba simu kwa Kabula chuo kitapiga, lakini ni vizuri asianze kusikia kwa chuo.

Jana nikapiga. Namba aliniokotea mwanachuo mwenzake wa zamani. Nyuma yake nasikia mashine ya zege inazunguka.

"Nani?"

"Mwalimu Maganga."

Mashine inazunguka tu. Nikajua kakata. Hakukata. Akasema, "Shikamoo mwalimu. Nilisikia msiba. Pole. Mama alinipa chai."

Sikuitikia hata marahaba. Nikamweleza tu. Koleo, mchanga wa maji, nilivyohisi, nilivyosema. Sikuweka samahani mwanzo, niliiweka mwisho, na haikuwa na uzito wowote. Nilisikia mwenyewe.

Mashine ikazimwa kule. Akauliza jambo moja.

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua siku ile ile."

Akasema, "Mimi nilikuwa naota ile ndoo. Naota nahesabu, nakosa ya tano." Halafu akasema, "Niache kwanza, mwalimu. Chuo kikipiga nitajua cha kuwajibu." Akakata.

Hakunisamehe. Sikupiga ili anisamehe. Hapana, hilo nalo ni uongo. Nilitaka.

Mihayo akisikia atasema nimejikatia tawi nililokalia, tena kaburi bado bichi. Kalunde nimemweleza kwa simu leo baada ya kanisa. Alilia, sijui alimlilia mama yake au mimi. Akaniuliza nitakula nini wakinitoa. Nikamwambia nilikula kabla ya chuo. Koleo bado liko uani.

Ninachojiuliza ni kingine. Kama Nyamizi angekuwa hai, ningeandika ile karatasi? Ningemwachia aendelee kuiruka mpaka lini? Nafikiri ningemwachia. Ndiyo jibu, silipendi. Alipaswa kufa ndipo niokote penseli mwenyewe. Mtu unaishi na mtu miaka ishirini na saba anakusubiri, unamfanya asubiri mpaka anaanguka kwenye kamba ya nguo.

Nguo za siku ile jirani alizianua. Kuna shati langu la kazi. Liko safi, limekunjwa kwa mikono ya mtu mwingine.

Kipindi changu ni cha kwanza. Madam atakaa nyuma. Wanachuo wameshasikia yote, Tabora ni ndogo, na Bi Tatu ana mdomo. Wataniangalia usoni waone nitaanzaje. Nitaanza na Isikizya. Nitawaambia jina la Kabula.

Kesho narudi kazini.